Bawaba za Bwana Shamba

Nianze na ujinga wangu, maana mama ameshaujua na yeye ndiye niliyekuwa namwogopa. Mwezi wa tatu, mvua ikinyesha kila mchana hapa Kasulu, jirani yetu mmoja mzee alinipa kopo la grisi nipake kwenye bawaba za milango ya gari lake la zamani. Milango minne, bawaba nane, kazi ya nusu saa. Grisi ile sikuipaka. Niliibeba shuleni nikaipaka kwenye nondo ya kugongea kengele, ili kaka mkuu akiishika imponyoke. Ilimponyoka kweli, ikaruka ikatua kwenye maua ya makamu mkuu wa shule, na Kidato cha Tatu tukacheka mpaka kipindi cha kwanza kikaisha hatujaandika kitu. Jioni nikarudi na kopo tupu. Nikaingia jikoni, nikachukua chupa ya mawese ambayo mama alikuwa amekaangia dagaa wa chumvi, nikayamimina kwenye bawaba zote nane, nikafuta yaliyochuruzika, nikaenda kumwambia mzee kazi imekwisha.

Hakwenda hata kuangalia. Alinishika bega akasema, "Sasa wewe ni fundi."

Bora angenipiga.

Mtaani kwetu anaitwa Bwana Shamba, ingawa alistaafu kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Serikali ilimleta kutoka Mpwapwa akiwa kijana, aje kufundisha watu kupanda maharage kwa mistari, na alikuja akiendesha pijo ya rangi ya krimu, mguu wake mmoja kwenye mafuta na kiwiko nje ya dirisha, hivyo ndivyo wanavyosimulia wazee. Miaka michache baadaye pijo ikakataa kuwaka. Akaiegesha nyuma ya nyumba, akaipandisha juu ya mawe, akaijengea paa la mabati, na tangu hapo ikawa inatengenezwa. Mimi nimezaliwa nimeikuta inatengenezwa. Rafiki zangu walikuwa wanasema ile siyo gari, ni kaburi lenye taa za mbele. Mimi ndiye niliyeanzisha msemo huo, lakini walikuwa wanausema wao.

Mama ndiye aliyenipeleka kwake, likizo ya mwaka juzi, baada ya jambo moja la mbuzi na sare ya mwalimu ambalo halina nafasi hapa. Alimwambia, "Bwana Shamba, mfundishe huyu kitu chochote kinachochosha." Mzee akanitazama kuanzia kandambili hadi kichwani, akanipa brashi ya waya.

Kwanza niseme mambo yake ya kawaida. Anavaa koti hata jua likiwaka. Chai yake haina majani mengi wala sukari nyingi wala chochote kingi, ni maji ya moto yaliyopewa taarifa. Anapotembea barabarani huinama kuangalia chini ya majani ya mashamba ya watu, anageuza jani la mhogo, anatikisa kichwa, anaondoka bila kusema, na mwenye shamba hapati raha wiki nzima. Kiha anajua neno moja tu, mwakeye, ambalo ni salamu ya asubuhi, na analitumia saa kumi jioni kwa mtu yeyote anayepita. Akina mama wanamjibu huku wanacheka. Mama yangu hakuwa anacheka. Alisema mtu aliyekaa hapa miaka yote ile angekuwa ameshatushinda kwa Kiha, ila huyu alikataa kujifunza lugha ya mahali anapopita tu.

Na kweli, ukimwangalia vizuri, kila kitu chake kilikuwa cha mtu anayepita. Wilaya nzima amewaambia watu wapande kahawa na parachichi. Uani kwake hakuna mti hata mmoja. Alipanda mchicha. Nilipomuuliza kwa nini Bwana Shamba mzima anapanda mchicha tu, alisema mchicha ni wiki tatu, hata akiondoka kesho kutwa hautamfunga. Wiki tatu, kisha wiki tatu nyingine, na nyingine. Nilipiga hesabu kichwani nikaacha, maana ilianza kunitia huzuni na mimi nilikuwa likizo.

Ila kwenye kutu alikuwa mwalimu hasa. Alikuwa akiitafuta kama alivyotafuta magonjwa ya mimea, kwa tochi na msumari mwembamba, na sauti ya chini kana kwamba itasikia ikimbie. Kila mtu, alisema, anaogopa kutu ya kwenye bodi kwa sababu inaonekana, wakati yenyewe inakaa nyuma ya bawaba, pale chuma kinapolaliana na chuma kwenye nguzo ya mlango. Maji ya mvua yanashuka kwenye kioo, yanaingia ndani ya mlango, yanatafuta pa kutokea, yasipopata yanalala. Ndiyo maana siku yangu ya kwanza yote niliimaliza nikizibua vitundu vilivyo chini ya milango kwa waya wa baiskeli. Vilikuwa vimejaa udongo mwekundu wa Kasulu na mabuu ya nyigu.

Kisha bawaba. Kabla ya kufungua boliti alinifanya nichore mstari wa penseli kuizunguka kila bawaba, ili mlango urudi pale pale ulipotoka. Tukagonga pini zikatoka. Nikasugua kwa brashi ya waya, halafu kwa msasa, halafu nikaosha kwa petroli, halafu nikaacha zikauke juani juu ya gunia, na yeye akakaa pembeni akizilinda kama mtu aliyeanika mpunga. Zikapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili, mpaka ndani ya matundu ya boliti. Kati ya bawaba na nguzo tukaweka kipande cha mpira tulichokata kwenye tyubu ya baiskeli, chuma kisilaliane tena na chuma. Mwisho wa yote, grisi. Bila grisi, alisema, hayo mengine yote ni kujipamba tu.

Unaona sasa nilichokifanya.

Bawaba moja ya mlango wa dereva ilikuwa imeliwa kiasi kwamba ilipoguswa na msasa ikatoboka. Akaulizia kila fundi hapa mjini. Mwenye duka la vipuri, mtu wa pwani mwenye maneno matamu, alimwambia gari kama lile amebaki nalo yeye na Mungu. Ndipo dereva mmoja wa lori akasema amewahi kuona mlango wa pijo huko Kibondo, kijiji kimoja upande wa Murungu. Tukaenda. Mlango tuliukuta, umetengenezwa banda la kuku. Bibi mwenye banda alikuwa akiufungua na kuufunga kila asubuhi na jioni, kitasa kinafanya kazi, na kuku wanatoka kwa heshima kama mawaziri.

Mzee alipiga magoti kwenye mavi ya kuku akazikagua bawaba. Nzima kabisa. Akamuuliza bibi anazipaka nini. Bibi akasema mawese, nini kingine. Mlango alikubali kuutoa, lakini kuku hawezi kuwaacha wazi, ana fisi wa kutosha. Kwa hiyo Bwana Shamba, mstaafu wa serikali, alivua koti akatengeneza mlango wa banda kwa mbao mbovu, mchana kutwa, nami nikimcheka kwa ndani. Ulipokamilika haukufunga vizuri. Bibi aliutazama muda mrefu, akasema kwa upole kwamba atauegemezea jiwe.

Njiani kurudi mzee alinieleza kwa nini mawese yalifaa pale na hayafai kwetu. Banda lile liko chini ya paa la nyasi, halijawahi kunyeshewa, na bibi anaongeza mawese mapya kila mwezi. Ukiyaacha yanachacha, yanakamata vumbi, vumbi linakamata maji, na asubuhi zetu za baridi yanaganda. Alisema mengi mengine. Mimi nilikuwa nakula karanga za kuchemsha nikiangalia nje, na kichwani nikabakiza neno moja tu, mawese.

Sasa kuhusu dada yake. Yuko Mpwapwa, ni mkubwa kwake, na alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Sikio la mzee ni zito, kwa hiyo simu inawekwa sauti kubwa, na mtaa mzima tukawa tunajua mambo ya Mpwapwa kuliko ya kata yetu. Mazungumzo yalikuwa yale yale. Dada anauliza gari limefika wapi. Mzee anasema bado bawaba. Dada anauliza bawaba ni kitu gani hasa, mzee anaanza kueleza, dada anasema haya, haya, basi.

Aliondoka kwao akiendesha, na aliapa atarudi akiendesha. Mama yake alipofariki, gari lilikuwa halina rejeta. Shemeji yake alipofariki, gari lilikuwa halina tairi. Basi la kwenda Dodoma linapita hapa kila siku, stendi ni dakika kumi kwa miguu, na yeye alikuwa hata njia ya stendi haipiti. Halafu mimi niligundua kitu kingine, nikakaa nacho kimya, jambo gumu kwangu. Kila gari lilipokaribia kupona, tochi ilipata kadoa kapya mahali, na milango ikafunguliwa tena.

Lakini mwaka huu ilikuwa tofauti. Injini ilikuwa imefungwa, tairi zipo, betri imeagizwa. Na Jumapili moja ya mwezi wa nne, nikiwa nimekaa kwenye ngazi yake, dada alisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Alisema macho yake yamebakiza kidogo. "Kukusikia nimechoka. Nataka nikuone kabla sijaishiwa," alisema.

Mzee akamjibu kwamba mwezi wa saba atakuwa mlangoni kwake. Kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya kumsikilizisha dada kwamba bawaba zimeshapakwa grisi na fundi wake mwenyewe.

Nilitabasamu. Uso wangu umezoea kutabasamu wenyewe, hauniulizi.

Tangu siku hiyo sikuwa na pa kutokea. Nilikwenda mara tatu nikiwa na petroli kwenye chupa ya soda, nikidhani nitasafisha na kuanza upya, na mara tatu nikamkuta amekaa kwenye kiti mbele ya gari. Alikuwa ameweka mipira mipya kuzunguka milango, akasema isifunguliwe mpaka mipira ikae, miezi mitatu, mtu asiguse. Siafu walikuja kwanza, wakapanga mstari kutoka kwenye mchicha hadi mlango wa dereva. Halafu paka. Paka watatu wa mtaa walikuwa wanasimama kwa miguu ya nyuma wakilamba ufa wa mlango kwa macho yaliyofumba. Mimi nawafukuza, wananitazama kama wanaonijua. Nyumbani mama anauliza chupa ya mawese ya dagaa iko wapi, na mimi namsaidia kuitafuta, mpaka chini ya kitanda. Rafiki zangu waliuliza kama naumwa. Kipindi hicho hata kengele ya shule iligongwa kwa amani.

Betri ilifika mwishoni mwa mwezi wa saba, Jumamosi. Mzee alivaa koti lake lingine, la kutokea. Alipovuta mlango wa dereva haukuja. Akavuta tena kwa mwili mzima, ukaja kwa sauti kama ya nguruwe anayeonewa. Wa upande wangu vivyo hivyo. Tukaingia, tukavuta milango kwa nguvu ikafunga, akazungusha ufunguo, na pijo, ambayo sijawahi kuisikia maishani mwangu, ikakohoa mara mbili ikawaka. Nyumba za jirani watoto walipiga kelele. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili.

Akazima.

Akajaribu kutoka, mlango ukakataa. Akausukuma kwa bega, kitu kikapasuka ndani ya nguzo, mlango ukashuka upande mmoja, ukakaba kabisa. Wangu nao uligoma kama umechomelewa. Milango ya nyuma haikuwa na vitasa vya ndani, na vishikio vya kushushia vioo vilikuwa ndani ya nyumba vimefungwa kwenye gazeti, kwa sababu mtu huyu huweka vitu vizuri mwishoni. Honi haikuwa imeunganishwa. Watoto walikuwa wameshakimbilia mpira. Tukakaa. Jua lilikuwa la saa nane, vioo juu, na ndani ya gari ikaanza kupanda harufu ya jikoni kwetu.

Nilihesabu vidole. Nilisoma maandishi ya kwenye mita. Nikafikiria kupiga teke kioo, nikakumbuka kioo hicho nilikisafisha mimi kwa majivu. Mwishowe nikafungua mdomo.

"Bwana Shamba, ile grisi..."

"Dagaa wa Kigoma," alisema, hajageuka. "Wa chumvi. Mama yako hukaanga na kitunguu."

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu mwezi wa nne. Paka hawalambi grisi."

Nikamwambia yote, nondo, maua ya makamu, chupa. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwenye nondo bega lake lilicheza kidogo. Nikamuuliza kwa nini hakunisema, mbona aliniacha. Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya koti la kutokea, na hakulivua.

"Ningesema, ungesafisha," alisema. "Ungesafisha, gari lingekuwa tayari."

"Si ndicho unachotaka?"

"Waliniona nikiondoka na gari, mjukuu wangu. Kijana, kiwiko nje. Nilisema naenda miaka miwili." Aligusa usukani kwa kidole kimoja. "Sasa nikifika, watamwona nani anashuka?"

Nikasema tu kitu cha kijinga kilichokuwa cha kweli, kwamba dada yake macho yamebakiza kidogo, hataona gari vizuri, labda ataona koti.

Mzee alianza kucheka bila sauti, na kicheko kikageuka kitu kingine, nami nikaangalia dirishani kwa heshima. Ndipo nilipomwona mama anakatiza uani na ndizi kichwani, nikapiga kioo kwa viganja. Alisimama. Akatua ndizi. Alituzunguka taratibu kama mtu anayekagua gari la kununua, akauvuta mlango wa nyuma kwa nje mpaka ukaachia kwa mlio, akaingiza kichwa. Akavuta pumzi puani.

"Mawese yangu," alisema.

Tulitambaa kutoka kupitia kiti cha nyuma, mzee kwanza. Nilimweleza mama yote pale pale, mbele ya mzee, kwa sababu nilikuwa nimeshachoka kufungiwa. Alichukua ndizi zake akaondoka, na kwa wiki mbili alinipa chakula bila kunisemesha, adhabu ambayo viboko ni afadhali.

Mara ya mwisho kumwona Bwana Shamba ilikuwa stendi, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ile ya mwezi wa nane ya kutoa moshi mdomoni. Mama, bado hanisemeshi, alinipa ndizi za kuchoma za njiani akanionyesha stendi kwa kidevu. Nilimkuta amesimama kando ya basi la Dodoma na begi moja dogo, akilitazama basi kama ng'ombe wa mtu mwingine. Shikamoo yangu aliiitikia, kisha akanionyesha kitu alichokishika ndani ya gazeti. Ilikuwa ile bawaba ya mlango wa dereva, ya banda la kuku, imevimba kwa kutu kama andazi, pini imekatikia ndani.

"Nampelekea dada," alisema. "Miaka yote namwambia bawaba, bawaba, hajawahi kuishika. Hii hata kwa vidole ataiona."

Akanipa ufunguo wa gari na kopo jipya la grisi, halijafunguliwa. Akanieleza kazi iliyobaki, bawaba saba, kuanzia penseli mpaka mpira wa tyubu, kana kwamba sijawahi kufundishwa. Nikamuuliza atarudi lini. Alisema amepanda parachichi mbili uani jana, nimwagilie, na kwamba grisi safari hii isiende kwenye kengele. Kondakta akamwita. Alipoweka mguu kwenye ngazi ya basi alisimama, nikadhani anashuka. Akageuka.

"Asante kwa mawese," alisema, akapanda.

Bibi mmoja wa Makere aliyekuwa akipakia maharage yake alimpisha. Nilimsikia mzee akimsalimia bibi huyo, mwakeye, na kwa mara ya kwanza ilikuwa asubuhi kweli. Basi likaondoka. Nilibaki pale na kopo mkononi mpaka wauza chai wakaanza kuniuliza nauza nini.

Nyumbani mama alikuwa anachambua maharage. Nilimpa taarifa yote, bawaba ndani ya gazeti, parachichi, hata ile asante, sikuficha. Alichambua sinia lile mpaka likaisha, akapuliza makapi, ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza katika wiki mbili.

"Umeharibu gari la mtu," mama alisema, "na mtu ameondoka anakushukuru. Usizoee."